Mzazi na Mkaja Wake



Katika Mji wa Kale wa Mombasa, tangu Kuze hata Kibokoni, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na kwa siku arubaini huwekwa ndani akatunzwa. Hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, na tumbo lake hufungwa mkaja. Nguo hiyo ina heshima kubwa: hata katika harusi, mama wa bibi arusi hupewa zawadi iitwayo mkaja.

Lakini yafaa kazi ya mkaja ijulikane. Huushika mgongo na tumbo lililolegea, na mzazi huona raha anapoinuka. Mafuta ya mwili hauyapunguzi. Siku ya kujifungua, mtoto, kondo ya nyuma na maji huondoa kilo 5 au 6 hivi. Kisha mji wa mimba, wenye uzito wa kilo 1 hivi, hunywea pole pole kwa muda wa majuma 6, hata usifike gramu 100. Majuma 6 ni siku 42. Wazee hawakuwa na mizani, walakini hesabu yao haikuwa mbali.

Uzito uliosalia hushuka kwa miezi, si kwa siku. Basi mzazi asijinyime chakula ili kiuno kirudi upesi, wala asikaze mkaja hata pumzi ikawa nzito. Anyonyeshaye huhitaji chakula zaidi kuliko kabla ya mimba. Waislamu wajua kuwa mwanamke aliye katika nifasi hafungi Ramadhani. Itakuwaje basi ashinde na njaa kwa ajili ya gauni? Ale samaki, maharagwe, mchicha na matunda, na apatapo nguvu atembee uani. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo mpaka daktari aruhusu.

Liko jambo lisilongoja arubaini. Damu ikitoka kwa wingi, au homa ikipanda, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona kiwi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, mzazi apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku. Hospitali kuu ya Pwani iko kisiwani humo humo, wala hapana maji ya kuvuka.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mzazi aangaliwe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya 2 au ya 3, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena juma la 6. Mara tatu za kwanza zaangukia ndani ya arubaini. Siku hizo mamaye au mavyaa amvike buibui, ambebee mtoto, amsindikize.