Magharibi au Mashariki



Nimeombwa niseme juu ya michezo ya wakati wetu. Najua mnatazamia mpira. Katika mpira mimi nilikuwa mshika nguo za wachezaji. Mchezo wangu ulikuwa kitabu.

Mwaka 1985, tukiwa kidato cha tatu, mwenzetu wa bweni alikuja na kitabu alicholetewa na mjomba wake baharia. Ni The Warlock of Firetop Mountain, cha Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, kilichotoka mwaka 1982. Kimegawanywa vipande 400, na shujaa wa kisa ni wewe msomaji. Unaingia katika mlima wa mchawi, mara njia panda: ukienda magharibi fungua kipande cha 71, ukienda mashariki cha 278. Ukikutana na zimwi, unamtupia yeye dadu mbili na wewe mbili, kila mmoja anajumlisha Ustadi wake, na mwenye jumla ndogo anapoteza Nguvu mbili. Bahati nayo ina hesabu yake: kila ukiijaribu inapungua moja, hata kama imekuokoa. Hilo lilituudhi sana.

Dadu moja tuliazima kwenye ludo ya kiranja. Ya pili tuliichonga kwa chaki, nayo ilipenda sita kupita kiasi. Tulikuwa vijana sita, shujaa mmoja. Mwenye kitabu alisoma kwa tochi chini ya blanketi, akafasiri kwa Kiswahili, nasi tukabishana kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa mwizi. Nilitia vidole katika kurasa tatu ili tukifa turudi nyuma. Yeye hakukubali kamwe. Tukifa, alifuta karatasi ya hesabu akaanza kipande cha kwanza.

Usiku mmoja tulifika mbali kuliko siku zote, tena tukiwa na funguo za kasha la hazina. Kulipokaribia kucha tukalala. Asubuhi akaitwa ofisini: baba yake amefariki. Akifunga sanduku alinipa kitabu, akasema, "Nitunzie. Msiendelee bila mimi."

Alikuwa kifungua mimba, na wadogo zake walikuwa wengi. Hakurudi. Wenzangu walitaka tumalize, nikakataa, na kurasa za mbele sikuzichungulia. Lakini anwani yake nilikuwa nayo, na barua sikuandika. Kwanza nilimngoja. Halafu miezi ikapita, nikaona haya.

Kamati imeniambia kwamba mwaliko wa leo umemfikia, ila jibu halijaja. Kitabu kiko pale mezani, karibu na birika la chai. Karatasi yetu imo ndani, kwa penseli: Ustadi 10, Nguvu 7, Bahati 6. Dadu zipo zote mbili. Ile ya ludo sikuirudisha, na mwenyewe ananitazama sasa hivi kutoka safu ya pili.