Dawa ya Jirani ni ya Jirani
(Mazungumzo na kikundi cha akina mama)

Leo tunaanza na swali: vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani vinatibu nini?

Tunauliza kwa sababu mwaka jana, tukitembea nyumba kwa nyumba, tulikuta mtoto ana joto jingi siku ya tatu. Mama yake alikuwa akimpa vidonge alivyopewa na jirani. Alipopimwa damu, kumbe ni malaria! Alipona, lakini siku tatu zilipotea bure. Mama alituuliza, "Kwani homa si homa?" Hapana, mama. Vijidudu vinatofautiana.

Kwanza ni bakteria. Hawa huleta kipindupindu, homa ya matumbo na kifua kikuu. Antibaiotiki, kama vile vidonge, ni za kupigana na bakteria, tena si kila antibaiotiki inaweza kila bakteria. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Ukiacha dawa kwa kuwa umepata nafuu, bakteria waliobaki wanaweza kuwa sugu, na dawa ile isiwaweze tena.

Pili ni virusi, vidogo kuliko bakteria. Ndivyo huleta mafua, surua, polio na Ukimwi. Antibaiotiki haziviui. Surua na polio tunazikinga kwa chanjo. Virusi vya Ukimwi vina dawa zake za kutuliza, na lazima zimezwe bila kukosa.

Tatu ni kuvu. Yale mabaka ya choa kichwani mwa watoto ni kazi yake, nayo ina dawa yake.

Nne ni vimelea. Kimelea cha malaria hubebwa na mbu jike wa anofelesi. Amiba huleta kuhara damu, na minyoo nayo tunaijua sote.

Basi tukubaliane hivi. Mtoto akishikwa na joto, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Dawa tuliyopewa tuimalize, tusimgawie mtu. Na yale yaliyo mikononi mwetu tuyafanye: kunawa kwa sabuni, kuchemsha maji ya kunywa, kutumia choo na kulala ndani ya neti.

Haya, akina mama, nani ana swali?