Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hiyo wengi wenu mwauliza: je, mtu aweza kuweka Linux kando ya Windows bila kuvunja leseni? Ndiyo, aweza.

Natulifahamu kwanza neno hili leseni. Ukinunua meza, ni mali yako. Hata ukitaka kuichanja kuni, chanja. Windows sivyo. Iliyokuja ndani ya laptopu yako hukuinunua. Umepewa ruhusa ya kuitumia katika kompyuta hiyo moja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi huhifadhi namba ya ruhusa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta. Basi ukigawa diski na kuweka mfumo wa pili, ruhusa haipotei. Lakini ukiinakili Windows hiyo katika laptopu ya shemeji yako, umevunja mapatano, hata kama fundi wa mtaani atakuambia kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Linux nayo ina leseni, ingawa watu hudhani ni mali isiyo na mwenyewe. Linus Torvalds wa Finland alitoa kiini chake mwaka 1991, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni iitwayo GPL. Yakuruhusu kuitumia, kumpa jirani, hata kuiuza. Ila ukiibadili kisha ukawagawia watu, huna budi kuwapa pia maandishi ya programu uliyoyabadili, nao wawe na ruhusa ileile.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya yote, nakili mafaili yako katika diski nyingine. Kisha tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, andika karatasini tarakimu 48 za ufunguo wake wa akiba. Mimi nilipuuza yote mawili. Niliweka Linux usiku, asubuhi Windows ikanidai tarakimu hizo, nami sikuwa nazo. Ripoti za miezi mitano za madarasa ya watu wazima zikabaki humo. Ilinibidi kuzunguka kwa walimu, mmoja mmoja, kuomba madaftari yao niandike upya. Na baadhi yao walikwisha kuyatupa.

Baada ya hapo, punguza sehemu ya Windows kwa kutumia Windows yenyewe, ukiacha nafasi ya GB 30 au zaidi. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, uchague kuiweka kando ya Windows, wala si kufuta diski nzima. Soma swali hilo mara mbili kabla ya kubonyeza. Mwisho, kompyuta ikiwaka tena, utaona majina ya mifumo yote miwili. Chagua kwa vishale. Kwaherini.