Viunganishi vya Kiingereza katika Kazi ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Njombe na Makambako)



Tumeombwa kusema juu ya maneno madogo ya Kiingereza, nayo ni saba tu: and, but, or, nor, for, so, yet. Kazi yake ni kuunganisha sentensi mbili zilizo sawa kwa cheo, isiwepo moja iliyo tegemezi la nyingine. Huenda mwenzetu akasema kwamba hayo ni mambo ya darasani, tena Serikali sasa huandika Kiswahili. Ni kweli, hata sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lakini mikataba mingi na fomu nyingi zingali kwa Kiingereza, na anayemfasiria mwananchi pale dirishani ni karani. Martin Kayamba, aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, aliandika vitabu kwa lugha zote mbili. Basi kazi hii si ngeni kwa watu wa kalamu.

Tuanze na neno and. Vitabu vya darasa husema kuwa ni “na”, vikaishia hapo. Lakini “na” yetu ina shughuli nyingi. Yaunganisha majina: chai na mahindi. Yaleta maana ya kuandamana: alikuja na mkewe. Tena yamtaja mtenda: barua iliandikwa na karani. Ila kwa vitendo vinavyofuatana, Kiswahili hakiihitaji sana, maana kina -ka-: “Alifika Makambako, akashuka garini, akapanda basi la Songea.” Mwingereza hana -ka-. Yeye husema: He reached Makambako, got off the train and boarded the Songea bus. Tazameni: mkato mmoja, kisha and moja tu mbele ya kitendo cha mwisho, wala he hairudiwi. Karani mwenye haraka ama hutia and mbele ya kila kitendo, barua ikawa kama masimulizi ya mtoto, ama huacha mikato mitupu bila and hata moja. Mikato mitupu Kiswahili chaikubali. Kiingereza huihesabu kosa.

Sasa twafika penye hatari. Mathalani imeandikwa: Sign here and you will be paid. Ukifasiri, “Tia sahihi hapa na utalipwa,” msikizaji asikia mambo mawili, agizo na ahadi. Kumbe hilo ni sharti: ukitia sahihi hapa, utalipwa, usipotia, hupati kitu. Vivyo hivyo, Pay by Friday or you will be fined. Mtu hakupewa hiari ya kuchagua kati ya kulipa na kutozwa faini. Ni onyo: lipa kabla Ijumaa haijapita, la sivyo utatozwa faini. Na mkubwa akisema Go and call him, hakutoa amri mbili; asema, nenda ukamwite.

Yatisha zaidi and na or zikikutana katika sentensi moja. Tumepata kumwona mama mmoja, mtu mzima, aliyetoka Lupembe kuja Njombe kufuata haki ya marehemu mumewe. Ofisi ile hatutaitaja. Fomu yake ilisema: Bring the receipt and the village letter or a sworn statement. Mama alikuwa na risiti na kiapo. Karani wa dirisha la kwanza alisoma kwamba risiti ni lazima, kisha barua ya kijiji au kiapo, kimojawapo, akampitisha. Wa dirisha la pili alisoma kwamba risiti na barua huenda pamoja, au kiapo peke yake, naye akampitisha. Wa dirisha la tatu alifuata “na” tu, akadai vyote vitatu. Mama akarudishwa kwao kutafuta barua, nauli akailipa mara mbili, na juma zima likapita. Hatusemi kwamba karani yule alikuwa na moyo mbaya. Twasema kwamba aliyeiandika fomu angeweza kuongeza neno moja tu: Bring the receipt and either the village letter or a sworn statement. Hiyo either yaonyesha mahali hiari inapoanzia. Kwa Kiswahili tungeandika: “Leta risiti, pamoja na kimojawapo cha hivi viwili: barua ya kijiji au kiapo.” Fomu ya namna ile ikiletwa mezani, yafaa kumwuliza mkubwa maana yake kabla ya kumrudisha mtu, wala si baadaye.

But haina taabu nyingi, ila jambo moja. Sisi husema, “Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika,” na hapana anayetulaumu. Kiingereza hakipendi kuwa na although na but pamoja, chagua moja. Yet ni ndugu yake but, yenye mshangao kidogo. So ni “kwa hiyo”, nayo husemwa kila siku. Katika barua rasmi wengine hupenda therefore, lakini hiyo si kiunganishi cha jamii hii, basi haifai kuwekwa baada ya mkato mtupu. For yenye maana ya “kwa maana” imebaki vitabuni zaidi; mazungumzoni watu husema because.

Imebaki nor, yaani wala. “Hakuja wala hakuandika.” Hapo Kiswahili chakanusha mara mbili. Mwingereza asema: He did not come, nor did he write. Baada ya nor hakuna not tena, na did hutangulia mbele ya he, kama katika swali. Anayeandika nor he did not write amefuata Kiswahili neno kwa neno.

Ndugu, wenye fomu au barua zenye utata wazilete mbele, majina ya watu yakiwa yamefichwa, tuzisome pamoja.