Bendera Hupandishwa Usiku Mmoja
Hotuba ya kamati ya afya ya umoja wetu kwenye sherehe za Uhuru, London

  

Kila tarehe 9 Desemba tunakumbushana usiku ule wa mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na kuwasha Mwenge kileleni Kilimanjaro. Leo tunaomba tuzungumzie pumzi. Kule juu, mita 5,895, hewa ni nyepesi: hatua moja, unasimama, unahema. Wapo watu katika jiji hili wanaohema vivyo hivyo wakipanda ngazi tano za nyumba zao.

Mwenzetu mmoja alikuwa hivyo. Jina lake hatutalitaja, ingawa wengi mmekula maandazi yake katika ukumbi huu. Mapafu yake yalijaa makovu, akawa haendi popote bila mtungi wa oksijeni. Madaktari wakamwambia dawa zimefika mwisho, limebaki jambo moja, kupandikizwa mapafu ya mtu aliyefariki. Tangu siku ile simu ililala kando ya mto wake na mkoba ukakaa mlangoni. Mara mbili aliitwa usiku, akaandaliwa kwa upasuaji, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu mapafu yalipokaguliwa hayakufaa. Mara ya tatu yakafaa. Leo tuko naye hapa ukumbini.

Sisi tuliomsindikiza tukajiuliza: jambo hili lilianzaje, na nani analishikilia lisianguke?

Halikuanza kwa ushindi. Mwaka 1963, mwaka ambao ndugu zetu wa Kenya na Zanzibar walipata uhuru, Daktari James Hardy wa Mississippi, Marekani, alimpandikiza mtu pafu kwa mara ya kwanza. Mgonjwa aliishi siku 18. Miaka 20 ikapita kabla Daktari Joel Cooper wa Toronto, Kanada, hajafanikiwa kumpandikiza mgonjwa pafu moja akaishi nalo kwa miaka.

Hapa Uingereza kazi ilianzia Harefield. Ukishuka Uxbridge, mwisho wa reli, unapanda basi kwenda kijijini. Hospitali ile ilianza kama mahali pa kutibia wanajeshi wa Australia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikawa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Aliyeipa jina ni Magdi Yacoub, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Bilbeis, Misri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wenyeji walipona kweli. Alianza kupandikiza mioyo pale mwaka 1980. Desemba 1983 akapandikiza moyo na mapafu kwa pamoja, mara ya kwanza katika nchi hii. Mgonjwa, mwandishi wa habari kutoka Sweden, aliishi siku 13. Fikirini uzito wa asubuhi ile ya siku ya kumi na nne: magazeti yanauliza, familia inalia, na wagonjwa wengine bado wanasubiri. Timu ile iliendelea.

Watoto wetu, hapo ndipo penye somo la Uhuru. Bendera hupandishwa usiku mmoja, lakini zahanati, shule na barabara hujengwa kila siku baada yake. Upasuaji nao ni wa usiku mmoja. Huduma yenyewe ni ya miaka. Mapafu hayawezi kukaa nje ya mwili kwa muda mrefu, ni saa chache tu, kwa hiyo lazima pawe na timu ya kwenda kuyachukua saa yoyote, kwa gari au kwa ndege. Wanahitajika mtaalamu wa usingizi, waendeshaji wa mashine ya moyo na mapafu, maabara, wauguzi wa chumba cha mahututi, na wa mazoezi wanaomsimamisha mgonjwa kitandani kabla hajataka. Anahitajika pia anayesafisha sakafu vizuri, maana mgonjwa hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili maisha yake yote, na mapafu huvuta kila kilichomo hewani. Katika kazi hizo zote wamo watu wetu. Pamoja na hayo mapafu mapya si dawa ya milele: zaidi ya nusu ya wagonjwa hufikisha miaka mitano, wengine huenda mbali zaidi, wengine mwili huyakataa.

Nyumbani nako safari imeanza. Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Figo hutolewa na ndugu aliye hai. Mapafu karibu yote hutoka kwa marehemu, kwa hiyo madaktari na mashine peke yao hawatoshi. Inahitajika familia yenye msiba ikubali.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Miaka kadhaa iliyopita familia moja ya kwetu ilisimama kwenye korido ya hospitali. Kijana wao alikuwa kwenye mashine, ubongo umekwisha kufa. Muuguzi akaja taratibu kuuliza juu ya viungo vyake. Hakuna aliyejua kijana angetaka nini. Mjomba akasema maiti lazima ifike nyumbani ikiwa kamili. Wakakataa, na haki ilikuwa yao. Lakini mama yake alituambia baadaye kwamba kinachomkosesha usingizi ni kuwa hakuwahi kumuuliza mwanawe. Na sisi wa kamati, wenye kazi zetu hospitalini, tulikuwepo. Tulileta chai, tukachangisha nauli ya kumsafirisha, na tukakaa kimya. Ukimya ule ndio uliotuleta mbele yenu leo.

Jueni basi haya. Tangu tarehe 20 Mei 2020, sheria ya England humhesabu mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo asipokataa, isipokuwa makundi machache, kama aliyeishi hapa chini ya miezi 12. Hata hivyo familia bado huulizwa. Mwili hushonwa kwa heshima, na hauzuiwi kusafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani. Mwenye swali la dini amuulize imamu wake au mchungaji wake mapema, si koridoni. Mapafu hulinganishwa kwa kundi la damu na ukubwa wa kifua, na kundi B, ambalo ni la kawaida zaidi kwetu kuliko kwa Waingereza weupe, huwa na watoaji wachache.

Hatuji kumwambia mtu akubali. Tunaomba kila nyumba iulizane. Jumapili hii, baada ya wali, baba amwambie mama, na watoto wawaambie wazazi: mimi nikifa, nataka hivi. Ndiyo au hapana, ijulikane.

Mwenzetu wa maandazi hamjui aliyempa pumzi. Kila mwaka siku ile ikifika huwasha mshumaa dirishani, anamwombea huyo mtu na mama yake. Mwaka huu alipanda ngazi za ukumbi huu bila kushika ukuta.

Heri ya Siku ya Uhuru.