Mfungaji wa Timu Dhaifu: Tunapima Nini Tunapochagua Kinda?



Ipo kauli iliyozoeleka mno katika soka letu hivi kwamba hakuna anayeidai ushahidi: kipaji hakijifichi. Anayeisema ana maana kwamba mtu mwenye jicho, aliyecheza au kufundisha miaka mingi, akikaa kando ya uwanja jioni moja atamtambua mchezaji wa kesho na kumwacha asiyefaa. Usakaji wetu wa vipaji umeegemea imani hiyo karibu wote. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, humpandisha mtoto kutoka shule hadi kata, halmashauri, mkoa na taifa, na katika kila ngazi watu wachache hutazama mechi chache kwa siku chache kisha hukata majina. Klabu nazo hutangaza majaribio: vijana hufika na viatu mkononi, hupangwa katika timu ambazo hazijawahi kucheza pamoja, hupewa dakika chache, halafu anasimama mtu mwenye karatasi na kusoma walioitwa. Nakusudia kuibomoa kauli hiyo, nami nitakaa nayo muda mrefu kuliko mnavyotarajia.

Sifa kubwa ya kauli hii, ambayo ndiyo pia kasoro yake, ni kwamba haiwezi kushindwa. Kijana aliyechaguliwa aking'ara, tunasema jicho liliona. Akififia, tunasema kaharibiwa na starehe, na majeraha au na wakala. Aliyeachwa hatuna habari zake: huenda yuko Nyarugusu kwenye machimbo, huenda anaendesha bodaboda, na hakuna daftari lililoandika kwamba siku fulani tulimtazama tukamkataa. Hukumu ambayo makosa yake hayahesabiwi lazima ionekane sahihi daima. Watetezi wake humtaja mshambuliaji Mbwana Samatta, aliyetoka African Lyon akaenda Simba, na mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe ya Kongo katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ilifungwa, lakini Wakongo waliondoka na jina la kijana, wakamsajili, na mwaka 2015 akawa mmoja wa vinara wa mabao wa mashindano hayo waliponyakua kombe. Si jicho hilo? Jicho lilikuwepo, sikatai. Ila tazama lilikuwa linatazama nini. Lilitazama mechi za mashindano, zenye kitu cha kupoteza, na waliokuwa wakimkaba kijana yule walikuwa mabeki wa Mazembe wenyewe, ambao uwezo wao viongozi waliujua hadi mwisho. Mpinzani alikuwa kipimo kinachojulikana. Majaribio ya mchana mmoja hayana hata kimoja kati ya hivyo: hakuna cha kupoteza, na beki anayepigwa chenga ni kijana mwingine ambaye hakuna anayejua kama anajua kukaba. Kisa cha Samatta, kikisomwa vizuri, kinaipinga kauli inayotumiwa kukitukuza.

Kisha kuna umri. Sote tunakumbuka kwamba Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri; na tunajua kwamba tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Udanganyifu ni aibu, lakini si sehemu kubwa ya tatizo. Hata pale kila cheti cha kuzaliwa kilipo cha kweli, jicho hudanganyika. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika hoki ya barafu ya Kanada, ambako makundi ya umri hukatwa tarehe 1 Januari, wachezaji bora vijana waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa Novemba na Desemba wachache. Hakuna nyota ya mbinguni inayogawa vipaji kwa miezi. Aliyezaliwa Januari alikuwa mkubwa kidogo, akachaguliwa, akapata kocha bora na mechi nyingi, na tofauti ya miezi ikageuka tofauti ya miaka. Jambo hilo limeonekana tena na tena katika soka la Ulaya. Kwetu pengo ni pana zaidi, kwa kuwa kidato kimoja kinaweza kuwa na wa miaka 14 na wa miaka 17. Aliyeota ndevu mapema humzidi mwenzake mbio, huruka juu yake, na mwenye karatasi huandika "kasi na nguvu". Alichokipima ni tarehe ya kubalehe.

Mtetezi mwenye akili atasema kwamba tatizo ni umaskini: jicho likipewa fedha, mikanda ya video na muda, litaona. Ndiyo maana inafaa kwenda mahali ambapo vyote hivyo vipo, katika mpira wa Marekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Humo kuna mchezaji aitwaye kwotabeki. Karibu kila shambulizi hupitia mikononi mwake. Ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani huku majitu yakimjia. Kila mwaka klabu za ligi ya NFL huchagua kwa zamu vijana kutoka vyuo vikuu, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo huanza. Kabla ya siku hiyo vijana hukusanywa Indianapolis, hupimwa urefu, ukubwa wa kiganja na mbio za yadi 40, na kwa miaka mingi walipewa mtihani uitwao Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12. Pamoja na yote hayo, mwaka 2000 Tom Brady aliitwa wa 199, baada ya makwotabeki wengine sita, akaja kutwaa mataji saba. Brock Purdy aliitwa wa 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa, na Februari 2024 alikuwa anaiongoza San Francisco katika fainali. Ryan Leaf, aliyeitwa wa pili mwaka 1998 nyuma ya Peyton Manning, alizimika upesi.

Visa, hata hivyo, havithibitishi kitu. Kila mwenye hoja ana vyake. Ninachokithamini ni makala ya wachumi David Berri na Rob Simmons ya mwaka 2011, ambayo ningependa kila kocha wa Kanda ya Ziwa asomewe polepole. Walifuatilia makwotabeki wa miongo kadhaa na kutenganisha maswali mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza: nini humpandisha kijana katika orodha ya kuitwa? La pili: nini hutabiri atakavyocheza, mpira kwa mpira? Urefu, kasi na alama za Wonderlic zilisaidia kujibu la kwanza. Kwa la pili hazikuwa na msaada wa maana. Halafu likaja jambo ninalolipenda kuliko yote. Walioitwa mapema walicheza dakika nyingi zaidi, lakini ukipima kila mpira waliorusha, hawakuwazidi walioitwa baadaye. Tafakarini maana yake. Klabu imetoa fedha nyingi kwa kijana, basi inampanga. Kwa kuwa anapangwa, anakusanya jumla kubwa, na jumla hiyo inaletwa kama ushahidi kwamba jicho lilikuwa sahihi. Jicho limejitungia mtihani na kujisahihishia. Na sisi tunafanya vivyo hivyo: kinda aliyeteuliwa akiwa na miaka 13 anapata kituo, lishe na mechi, na baada ya miaka mitano tunamlinganisha na aliyebaki mchangani tukisema, si mnaona?

Kazi hiyo ilipingwa hata kabla ya mwaka huo wa 2011, na aliyepinga si mtu mdogo. Mwandishi Malcolm Gladwell alipoitegemea kazi ya wachumi hao, mwanasaikolojia Steven Pinker alimjia juu mwaka 2009. Kiini cha pingamizi ni kwamba wanaoitwa mwishoni na kisha kupata nafasi ya kucheza ni wachache waliokwisha kuchujwa. Wale ambao hawakuwahi kugusa mpira hawamo katika hesabu, na pengine ndio wabovu wenyewe. Hoja hii ni nzito, na anayeipuuza haitendei haki takwimu. Inanilazimisha kukiri kwamba jicho huona kitu. Lakini waliochujwa walichujwa na nini? Si kwa mbio za yadi 40. Walichujwa mazoezini, siku baada ya siku, wakicheza dhidi ya wenzao ambao kocha anawajua. Pinker, akitetea wateuzi, amenirudishia nilichotaka: chujio linalofanya kazi ni la muda mrefu. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler nao walilinganisha wachezaji wa nafasi moja walioitwa kwa kufuatana, wakakuta yule wa kwanza humpita anayemfuata takriban mara 52 katika 100. Shilingi ikirushwa hewani inakaribia hapo.

Nina sababu nyingine ya kumleta kwotabeki hapa Geita. Yeye na mshambuliaji wetu wa kati wana ugonjwa mmoja: kazi yao haionekani bila wenzao. Rudini kwa Samatta. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi Genk ikitwaa ubingwa wa Ubelgiji, katika timu iliyomiliki mpira na kumlisha. Januari 2020 akahamia Aston Villa iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja. Mechi 14 za ligi, bao moja, na jingine katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Miguu ilikuwa ileile. Sehemu ya tofauti ni ukali wa ligi ya Uingereza, hilo halina ubishi; lakini mtu mmoja hashuki kiasi hicho kwa miezi michache, na mipira iliyomfikia Villa ilikuwa michache mno. Kama hesabu ya mabao inaweza kumdhulumu mtu mzima aliyekwisha kujithibitisha, itamfanyia nini kijana wa kidato cha tatu ambaye viungo wa shule yake hawajui kupiga pasi ya mwisho?

Kutokana na hayo nina imani ambayo wenzangu wengi wanaiona ni ya kishabiki: mabao ya mshambuliaji wa timu isiyo na fedha yana uzito kuliko mabao yaleyale katika timu kubwa. Msimu wa 2021/22, Geita Gold ikiwa mara ya kwanza Ligi Kuu, George Mpole alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga, timu iliyomaliza ligi hiyo bila kupoteza mechi. Pingamizi ziko wazi nami nazipokea zote. Geita Gold ilimaliza ya nne, kwa hiyo haikuwa dhaifu kama jina lake dogo linavyodokeza. Timu ndogo hucheza kwa kushtukiza, na mshambuliaji hukuta uwazi ambao Mayele, mbele ya mabeki kumi waliojaa langoni, hakuupata. Mtu mmoja si ushahidi. Nikimwongeza Saido Ntibazonkiza, aliyeanza msimu wa 2022/23 Geita kabla ya kwenda Simba na kumaliza sawa na Mayele kwa mabao 17, nitaambiwa, na kwa haki, kwamba huyo alikuwa mkongwe wa Burundi asiye na la kutufundisha kuhusu makinda, na kwamba mengi aliyafunga akiwa amevaa jezi nyekundu. Nimeyapima haya yote, na bado siondoki nilipo. Katika timu ndogo nafasi ni chache na hakuna anayempa kijana ya pili; anayezigeuza mabao kule ameonyesha kitu ambacho majaribio hayawezi kukionyesha.

Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Wajiolojia wa mgodi wa jirani hawatangazi dhahabu kwa kokoto moja. Huchoronga mashimo mengi, na shimo lisilo na kitu huandikwa pia. Tunahitaji daftari la kila mechi ya shule na ya mchangani: tarehe ya kuzaliwa, mpinzani alikuwa nani, dakika alizocheza, nafasi alizopata na alizotumia. Tunahitaji makocha waandike hukumu zao kabla, kwa majina, na zifunguliwe baada ya miaka mitatu, waliokataliwa wakiwemo. Nitaambiwa walimu wa michezo wana vipindi vingi na hawana muda wa kuandika. Ni kweli, lakini dakika tisini wanazitumia uwanjani hata sasa, na mwanafunzi mmoja mwenye kalamu anatosha. Nitaambiwa pia kwamba wazazi watadanganya umri katika daftari. Watajaribu; ila mtoto aliyeandikwa akiwa darasa la tatu ni vigumu kumpunguzia miaka akifika kidato cha pili.

Simba, Yanga na Azam wanaweza kusajili vibaya na kusajili tena dirisha linalofuata. Huku Kanda ya Ziwa Stand United iliteremka daraja mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021, Geita Gold mwaka 2024, na hakuna hata moja kati yao inayoweza kushindana na Dar es Salaam kwa fedha. Kinachobaki mikononi mwao ni ukaribu: wanaweza kumtazama mtoto wa Nyankumbu au wa Kambarage mara hamsini kabla skauti wa mjini hajamwona mara moja. Wakiacha majaribio ya mchana mmoja na kutumia fedha ya usajili wa mgeni mmoja kuwafuatilia vijana thelathini kwa misimu miwili, watakosea kwa wengi na bado watakuwa mbele. Na daftari likionyesha vijana wawili wenye umri mmoja na mabao sawa, nafasi ya usajili imebaki moja, ushauri wangu kwa katibu wa klabu ni amchukue yule ambaye timu yake imeshika mkia.