Mama, sababu gani umekawia?

Kaeni vizuri. Aliye na mtoto wa kunyonya amnyonyeshe tu, sisi tutazungumza polepole.

Leo hatusemi juu ya chanjo. Tunasema juu ya ule mlango wa hospitali ambao hakuna anayeupenda: mlango wa wagonjwa wa haraka. Mama anafika pale usiku, ametembea kwa mguu toka mbali, ao amekaa nyuma ya kinga, ao amebebwa kwa kipoyi. Neno la kwanza anasikia ni hili: "Mama, sababu gani umekawia?"

Mimi pia nilikuwa nauliza hivyo. Nilipokuwa muuguzi kijana katika hospitali moja, mama alileta mtoto mwenyi kushikwa na ndege. Nyumbani walikuwa wamemwingizia dawa ya miti kwa njia ya nyuma, tumbo limevimba. Nikamgombeza yule mama mbele ya watu wote. Mtoto akapona. Mwaka uliofuata mdogo wake akashikwa na homa ileile, na mama hakumleta. Alimwambia jirani yake: "Kule watanigombeza tena." Mtoto akafa nyumbani. Toka siku ile nawaambia wanafunzi wangu: pokea mtoto kwanza, maulizo yatafuata.

Na wewe mama, nakuomba neno moja. Hata ukigombezwa, usirudi nyumbani na mtoto. Haya ya mama inapita, lakini pumzi ya mtoto ikikatika hairudi.

Sasa tuangalie sababu ambazo wamama wenyewe wanatuambia.

"Nilikuwa nangojea baba ya mtoto, ameenda machimbo kutafuta zahabu." Mama, ongeeni leo, mtoto akiwa mzima. Baba aseme mbele ya mama-mkwe na jirani: "Nikiwa mbali, msiningojee." Neno hili ni dawa.

"Sikuwa na franga." Tunajua, maisha ni magumu. Lakini njoo, na useme mapema. Ugonjwa wa siku moja unaomba dawa kidogo. Ugonjwa wa siku tano unaomba damu, kitanda na franga nyingi zaidi. Deni tunaweza kulizungumza. Kaburi halizungumzwi.

"Walisema ni ndege, si ugonjwa wa hospitali." Ndege, ao degedege, mara nyingi inatoka kwa homa kali, na hapa kwetu mara nyingi ni malaria. Mlaze mtoto kwa ubavu. Usimtie kitu kinywani, wala kijiko, wala mafuta ya taa, wala maji ya miti. Mchukue, mwende.

"Kule wanatia watoto serumu na damu, halafu wanakufa." Mama, malaria inaharibu damu ya mtoto. Angalia kiganja chake: kikiwa cheupe, damu imepunguka sana. Mtoto akifikishwa wakati damu karibu imekwisha, watu wanaona serumu mkononi, wanasema serumu imemwua. Kilichomwua ni zile siku alizobaki nyumbani.

Basi, usingoje asubuhi ukiona alama hizi kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na ndege, analala sana na haamki vizuri, anapumua mbiombio ao kifua kinaingia ndani, kiganja ni cheupe, anahara na macho yameingia ndani. Alama moja inatosha. Pita kwanza kwa kituo cha afya kilicho karibu. Muganga anaweza kumpa dawa ya kwanza na kukuandikia barua ya kwenda hospitali. Barua ile si ya kuweka nyumbani. Ondoka nayo saa ileile, na njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza.

Sasa wenyi mimba, sikieni neno lililotoka hapa kwetu Kasongo na kufika mbali. Katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, uliotumika pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerpen, Ubelgiji, ulichunguza wamama wa kliniki ya mimba. Walitaka kujua mbele ya wakati ni mama gani atakwama akizaa. Wakauliza juu ya mimba zake za zamani. Wakaona nini? Kati ya wamama 100 waliokwama, 71 hawakuwa wameonekana na hatari mbele. Na kati ya 100 waliohesabiwa kuwa na hatari, 90 walizaa bila kukwama. Waganga wa nchi nyingi wamejifunza kwa habari hiyo.

Maana yake kwako ni hii: usiseme, "Mimi nimezaa watano, najua njia." Kliniki ya mimba inakusaidia kwa mengi, lakini haiwezi kukuapia kwamba siku ile itakuwa rahisi. Kila mimba, tayarisha njia: nani atakubeba, kwa kinga ao pikipiki, mvua ikinyesha na mto ukijaa mtapita wapi, nani atabaki na watoto. Kama unakaa mbali, sogea karibu na hospitali mbele ya siku kufika. Njoo upesi ukiona damu, ukiumwa kichwa sana na macho kuona giza, ukishikwa na ndege, ukiwa na homa, mtoto akiacha kucheza tumboni, ama uchungu ukipita saa 12 bila mtoto kutoka. Na baada ya kuzaa, damu ikimwagika ao kondo likikawia, usingoje hata kidogo.

Ukifika hospitali, usishangae mwingine akiingia mbele yako. Hatufuati nani amefika kwanza. Tunafuata nani anaweza kufa kwanza. Lakini mtoto wako akibadilika ukingali kwa benchi, simama, uite kwa sauti. Hiyo si kukosa adabu. Leta fishi yako na maganda ya dawa alizokunywa. Tena sema kweli yote: homa ilianza siku gani, amepewa miti gani, nani alimkata chale. Tunauliza ili tusimpe dawa mara mbili, si kwa kukuhukumu. Na usimtoroshe mtoto usiku kwa kuwa homa imeshuka. Homa inashuka mbele ya ugonjwa kwisha.

Wamama wapenzi, nendeni na neno hili moja, na leo jioni mlizungumze jikoni na waume zenu: tukiona alama, hatungoji. Nasi wauguzi tutajifunza kusema neno lingine mlangoni: "Mama, asante kwa kuja. Lete mtoto."